Kishindo, Ladha Ileile

Nchi ninayotaka kuwaeleza habari zake sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Jina lilibadilishwa juzi, na waraka wenye jina jipya bado haujafika idarani kwetu. Itoshe kusema ni nchi tukufu, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina soda.

Soda yetu inaitwa Kishindo. Ukitaka kujua kwa nini iliitwa hivyo lazima uwe wa umri wangu, maana vijana wa siku hizi wanadhani ni jina la mtu. Zamani chupa ya Kishindo ikifunguliwa, kizibo kilitoa mlio uliosikika mpaka nyumba ya tatu, na watoto wa nyumba hiyo ya tatu walikuja kusimama mlangoni kwenu wakijifanya wanatafuta kuku. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi. Ndani mlikuwa na ukwaju, na tangawizi ya kweli, ile inayokupanda puani ukapiga chafya, na ukishapiga chafya unarudi kunywa tena. Haikunywewa ovyo. Ilikuwa ya mgeni, ya mgonjwa aliyegoma kula, na ya sikukuu. Siku ya Idi kila mtoto alipewa chupa yake na msumari. Unagonga tundu dogo kwenye kizibo, unafyonza kidogo kidogo, unazunguka nayo mtaani tangu asubuhi mpaka alasiri, na atakayemaliza wa mwisho ndiye mfalme wa siku hiyo.

Mimi sikuwahi kuwa mfalme. Nilikuwa na pupa. Saa nne asubuhi chupa yangu tupu, nimekaa barazani nalia, na wenzangu wanapita mbele yangu makusudi wakifyonza kwa sauti. Hapo ndipo alipokuwa akitokea shangazi yangu Mwanasiti, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Anakuja na chupa yake mwenyewe, kainywa nusu. Anafuta mdomo wa chupa kwa upindo wa kanga, ananipa.

"Haya, nimekubakishia. Kunywa polepole, haikimbii."

Hilo liwekeni pembeni. Tutalirudia, ingawa kama ingekuwa hiari yangu tusingelirudia.

*

Mimi naitwa Mshamu Kibwana, Mwonjaji Mkuu wa Taifa. Ulimi wangu ni mali ya umma. Una namba ya usajili, hauruhusiwi pilipili, na ukiungua kwa chai naandika maelezo kwa nakala tatu.

Kazi hii niliipata kwa usaili. Tulikuwa watu arobaini. Kila mmoja aliwekewa glasi, akaambiwa aonje na kusema ni nini. Thelathini na tisa wakasema ni maji. Baadhi yao, kwa kutaka kuonekana hodari, wakaongeza kwamba ni maji ya bomba na yana kutu. Ilipofika zamu yangu nikaonja, nikamtazama mwenyekiti usoni, nikaona anachotaka kusikia.

"Kishindo, mheshimiwa," nikasema. "Tena baridi."

Nikaajiriwa palepale. Wale wenzangu sijui waliishia wapi, isipokuwa mmoja anayechoma mihogo karibu na ofisi yetu. Kila nikipita ananiuliza, "Mshamu, yale maji hayajambo?" Nami hujifanya nasoma gazeti, hata siku ambazo sina gazeti.

Kazi yenyewe si ngumu. Mara moja kwa mwaka, katika Kilele cha Wiki ya Soda, naonja Kishindo mbele ya umma na kusaini Hati ya Ladha, yenye maneno haya: "Mimi mwenye ulimi huu nathibitisha kwamba ladha ni ileile." Kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu, mwonjaji husaini kwanza na kuonja baadaye, ili mate yasilowanishe hati. Wageni kutoka nchi nyingine wakiona utaratibu huo hushangaa sana. Kwao, nasikia, watu bado wanaonja kwanza.

*

Sasa, soda haikubadilika. Nasema hivyo kwa mujibu wa sheria. Yaliyofanyika ni marekebisho madogo madogo.

Kwanza chupa ilipungua. Watu wakanong'ona. Waziri wa Vinywaji na Furaha, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lumbanga, akalihutubia taifa redioni: "Ndugu wananchi, chupa haijapungua hata kidogo. Chupa ni ileile. Iliyokua ni mikono yenu, kutokana na lishe bora mliyoletewa na serikali yenu sikivu." Watu wakatazama mikono yao. Wengine, wallahi, walifurahi.

Mwaka uliofuata tangawizi ilistaafishwa kwa manufaa ya umma. Iliagwa kwa heshima zote, na mimi ndiye niliyesoma risala. Kisha sukari ikahamishiwa makao makuu, nafasi yake ikashikwa na unga fulani mweupe ambao mafundi wa kiwandani waliugusa kwa glavu tu. Ikaja zamu ya gesi. Gesi yote ya nchi ilitakiwa kwenye mradi mkubwa wa taifa (mradi sijauona, lakini uzinduzi wake nimehudhuria mara tano), kwa hiyo soda ikawa inatoka kiwandani imelala. Kwenye lebo pakaongezwa maneno: MWANANCHI SHIRIKI, TIKISA MWENYEWE. Mtaa mzima ukawa unatikisa chupa, na watu wazima wakifungua walitoa ule mlio kwa midomo yao, pah!, ili watoto wasikose utamaduni wao.

Ukwaju ndio uliovumilia kuliko wote. Mwanzo ulibaki ukwaju kidogo. Halafu ikabaki harufu ya ukwaju. Halafu ikabaki picha ya ukwaju kwenye lebo. Mwaka wa uchaguzi hata picha ikatolewa, pakawekwa picha ya Rais akitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, sikatai, ila halikuwa na uchachu.

Na kila hatua nilisaini mimi. Mwaka wa tangawizi nilikuwa na mafua, nikajipa moyo kwamba labda ni mafua. Mwaka wa sukari sikuwa na mafua. Siku ile nilirudi nyumbani nikapiga mswaki mara tatu mfululizo, mke wangu akaniuliza nimekula nini, nikamjibu sijala kitu. Nikakaa chooni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wananchi wachache walipoendelea kulalamika ikatungwa Sheria ya Ndimi. Sheria inasema hivi: anayedai kwamba soda imebadilika ana ulimi mgonjwa, na mwenye ulimi mgonjwa haruhusiwi kuonja, kusifia, kukosoa, wala kupikia watu zaidi ya wanne.

Hicho kipengele cha kupika nilikipendekeza mimi. Sitaki kuwaficha. Tulikuwa kwenye kamati, mwenyekiti akahesabu akakuta sheria ina mistari kumi na tisa, akasema sheria yenye heshima huwa na mistari ishirini, nani ana wazo? Watu walikuwa wanataka kwenda kula. Nikainua mkono nikasema, "Na wasipike." Wakanipigia makofi. Nilitaka tu ionekane kwamba na mimi nimechangia.

*

Shangazi yangu Mwanasiti ni mpishi wa shughuli.

Ndiyo. Hapo mmeshaona tunakokwenda. Mimi siku ile kwenye kamati sikuona.

Harusi, hitima, maulidi, karamu ya mtoto kuhitimu, akiitwa Bi Mwanasiti watu huthibitisha kuhudhuria hata kama hawajaalikwa. Nimeona msibani, kwa macho yangu, mfiwa akiinua sahani kuomba ukoko. Na haonji kwa kijiko. Anachota kwa ncha ya mwiko, anadondoshea kiganjani, analamba, anafumba macho. Kisha anasema neno moja tu. Chumvi. Au moto. Au acha. Akisema acha, mnapakua.

Siku moja alikuwa anapika harusi ya jirani, kasimama juani mbele ya masufuria matatu, mtu akamwonea huruma akamletea Kishindo. Shangazi alikuwa hajainywa miaka mingi, maana yeye hunywa maji ya mtungi. Kwa mazoea akadondoshea kiganjani. Akalamba. Akafumba macho. Wasaidizi wake wa jikoni wakangoja neno.

"Hii si soda," akasema. "Haya ni maji niliyosuuzia sufuria asubuhi. Nani kayatia chupani?"

Watu wakacheka. Lau angesema peke yake pengine lingepita, lakini walicheka watu mia tatu, na sheria inakuita kucheka kwa namna ile kuwa ni kuonja kwa pamoja bila kibali. Kabla pilau haijaiva barua ilikuwa imeshaandikwa. Bi Mwanasiti Kibwana afike mbele ya Baraza la Ndimi. Akikiri kwamba ulimi wake umezeeka, atasamehewa na hatapika tena. Akikataa, Mwonjaji Mkuu ataonja, na asipoona tofauti, mshitakiwa atatiwa hatiani na hatapika tena.

Na wiki tatu baadaye ilikuwa harusi ya binti yangu Salha. Mpishi alikuwa ameshapangwa tangu Salha ana miaka mitano.

*

Nilimwendea Jumamosi. Nikamkuta uani, kakaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ulimi wa taifa haujambo?"

"Haujambo."

"Kaa basi. Mbona umesimama kama askari wa zamu?"

Nikakaa. Nikasema, "Shangazi, nimekuja kwa lile jambo. Ungesema tu kwamba siku ile ulichoka. Jua kali. Moshi ulikuingia kinywani."

"Moshi? Mimi nimepikia kuni miaka arobaini, leo ndiyo moshi unanijua?"

"Basi sema ulimi umezeeka. Watu wazima husema hivyo. Si aibu."

Akaacha kuchambua. "Mshamu. Mpishi akisimama mbele za watu akasema ulimi wangu umezeeka, nani atamwachia sufuria yake? Na huyo Salha nitampikia nini? Uji?"

"Lakini ukikataa, watakutia hatiani. Hutapika vilevile."

Akanitazama, akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma.

"Watanitiaje hatiani, baba, na anayeonja ni wewe?"

Hakuwa ananitega. Laiti angekuwa ananitega! Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Miaka yote ile niliyokuwa nasaini, kumbe alikuwa anaamini kwamba waliokuwa wakidanganya ni wengine, na mimi nimo humo nawazuia. Nikatazama mchele. Nikaokota punje moja ya mpunga nikaitupa, ili mkono wangu uwe na kazi.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kitu kimeviringwa kwenye kanga kuukuu. Akafungua. Ilikuwa chupa ya Kishindo. Ile kubwa. Ya zamani, ina picha ya ukwaju, na kizibo chake hakijaguswa.

"Siku waliyotangaza kwamba mikono yetu imekua," akasema, "nilinunua mbili za mwisho. Moja niliinywa na marehemu mume wangu. Hii nikakuwekea. Nikasema siku atakayomwoza binti yake nitaifungua, na safari hii hataachiwa nusu. Sasa itabidi tuifungue mapema. Wakiionja hii na ile yao, kutakuwa na maneno tena?"

Nikamwambia hapatakuwa na maneno. Nikaaga. Njiani nilipita kwa muuza mihogo, naye kwa mara ya kwanza hakuniuliza kitu. Nikaumia zaidi.

*

Kikao cha Baraza kilifunguliwa kwa wimbo wa taifa, beti zote kumi na nne, kisha tukapumzika kwa chai.

Waziri Lumbanga alikuwa mwenyekiti, shahidi na mgeni rasmi. Alisema kwa saa nzima. "Kuna watu," alisema, akimtazama shangazi, "wanaoishi kwa kukumbuka. Kukumbuka ni ugonjwa! Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Serikali hii haiwezi kuwajibika kwa kilichoonjwa jana na watu ambao leo hawana hata meno!" Tukapiga makofi. Mezani mbele yake palikuwa na chupa ndogo yenye tabasamu la Rais.

Shangazi akaambiwa ajitetee. Alikuwa amevaa baibui lake la Idi.

"Mimi sina maneno mengi, mheshimiwa. Mpishi hahojiwi, anaonjwa." Akafunua kanga, akaiweka ile chupa kubwa mezani, ubavuni mwa ile ndogo.

Mzee mmoja wa Baraza alivua kofia. Kanuni zikapekuliwa, kurasa zikageuzwa mbele na nyuma, haikuonekana kanuni inayokataza soda kulinganishwa na soda, kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kufikiri kwamba mtu angekuwa nayo. Waziri akapangusa jasho.

"Vizuri," akasema. "Serikali haina cha kuficha. Mwonjaji Mkuu afuate utaratibu."

Karani akaniletea hati na kalamu. Ilikuwa imeshachapwa: hakuna tofauti. Nikashika kalamu.

"Ngoja," shangazi akauliza, "mbona anaandika kabla hajaonja?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Hata mbuzi hunusa kwanza!"

Watu wakacheka chini chini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi, si mkononi mwa waziri. Hilo nimelifikiri sana baadaye. Hakuna aliyenishika kiwiko. Nilitaka kufa kwa aibu, na nikiwa nataka kufa kwa aibu nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Kisha chupa ikafunguliwa.

Pah!

Maafisa wawili walijitupa chini ya meza. Mlangoni wakatokea watoto watatu, wakasema wanatafuta kuku. Harufu ya ukwaju ikajaa ukumbini, na nikaona watu wazima, wakurugenzi, makamishna, wanafumba macho kila mmoja kwenye kiti chake kana kwamba wameitwa majina yao ya utotoni.

"Onjea kiganjani," shangazi akaniambia kwa upole, "kama nilivyokufundisha."

Nikadondoshea kiganjani. Nikalamba. Barazani kwetu nikapaona, msumari, jiwe, chupa tupu, upindo wa kanga. Tangawizi ikanipanda puani. Nikapiga chafya.

Ukumbi mzima ukajua. Chafya ile kila mwenye umri wangu anaijua.

"Mwonjaji Mkuu ana mafua?" waziri akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Mafua."

"Kuna tofauti yoyote kati ya soda hizi mbili?"

Shangazi alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto, mkono wake kwenye paji la uso wangu, akingoja kujua kama homa imeshuka.

"Hakuna tofauti, mheshimiwa," nikasema.

Hakulia wala hakunilaani. Alishusha macho tu, akaanza kuikunja ile kanga kuukuu, mara mbili, mara nne, mpaka haikuweza kukunjika tena. Basi ikatangazwa kwamba Bi Mwanasiti ana ulimi mgonjwa. Mwiko wake ukachukuliwa, ukafungwa lebo, ukawekwa kabatini kuwa kielelezo namba moja.

Kuhusu ile chupa kubwa, waziri alisema ataichukua kwa ajili ya kumbukumbu za serikali. Akaichukua, akaiweka mdomoni, akaimaliza yote kwa mkupuo mmoja, akacheua, akalamba midomo. Halafu akainama upande wa shangazi akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, "Mama, unazo nyingine?"

"Hapana, mheshimiwa," shangazi akajibu. "Hiyo ilikuwa ya harusi."

Ile ndogo ilibaki mezani, haikuguswa na mtu. Inzi mmoja alitua kwenye mdomo wake, akafikiri, akaondoka.

*

Salha hakuniuliza nani atapika. Alisikia redioni. Aliniandalia chai kama kawaida, akaiweka mbele yangu, akaenda kukaa na mama yake chumba kingine.

Harusi ilipikwa na Idara yetu. Pilau ililetwa kwa gari, ndani ya mapipa, imeambatanishwa na cheti cha kuthibitisha kwamba ni pilau. Waziri alijialika mwenyewe. Ilikuwa alasiri, turubai limefungwa, viti vimepangwa, na kila kiti na Kishindo yake ndogo ya kutikisa mwenyewe. Wageni walitikisa kwa adabu.

Sikutegemea kwamba shangazi angekuja. Alikuja. Alikaa safu ya mbele, mahali panapomstahili shangazi wa baba wa bibi harusi, akiwa mikono mitupu. Sijawahi kumwona harusini mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Mara aiweke mapajani, mara ashike kiti, kila upepo ukileta harufu ya yale mapipa pua yake inageuka huko, kisha anajikumbuka.

Mshereheshaji, mtu wa Idara, akaona hapo pana jambo la kumfurahisha mheshimiwa. Akamsogelea na kipaza sauti.

"Na huyu hapa bibi yetu aliyekuwa na ulimi mgonjwa! Bibi, hebu onja leo, utuambie. Ladha vipi?"

Wageni mia nne na kitu, wote wanamtazama. Waziri akaweka kijiko chini. Nami nikafahamu kwamba neno moja tu la shangazi lingenimaliza, maana watu walikuwa wamechoka, walikuwa wanangoja kucheka, na wakicheka mbele ya waziri itabidi apatikane wa kulaumiwa, na hati zote zina sahihi yangu. Nikaogopa atalisema. Na hapo hapo, Mungu wangu, nikaomba aliseme.

"Nileteeni msumari," akasema.

Ukaletwa msumari wa mafundi turubai. Akagonga kizibo, tundu dogo. Hapakutoka mlio. Akadondoshea kiganjani. Akalamba. Akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alipofumbua alimtazama Salha aliyekuwa jukwaani ndani ya shela lake, kisha akanitazama mimi.

"Ileile," akasema. "Kama aliyokunywa Mshamu utotoni. Ni mimi niliyekuwa naumwa."

Makofi! Vigelegele! Waziri alisimama, akatangaza kwa furaha kuu kwamba mama amepona, huu ni ushindi wa tiba ya taifa, na mwiko wake atarudishiwa kesho asubuhi bila masharti. Watu wakamshangilia. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akainuka na chupa yake, akanijia pale nilipokuwa nimesimama karibu na mapipa. Aliposogea akasema kwa sauti ambayo niliisikia mimi tu:

"Huo mwiko usiniletee. Waache wakae nao. Leo ndiyo nimeugua, mwanangu. Mtu hawezi kupikia watu na ulimi kama huu."

Kisha akafuta mdomo wa chupa kwa upindo wa kanga, pale penye tundu la msumari, akanipa.

"Haya, nimekubakishia. Kunywa polepole, haikimbii."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikafyonza. Haikuwa na ladha yoyote, hata ya kutu. Nilikunywa polepole, kama alivyoniambia, huku machozi yananitoka na mshereheshaji anawaeleza watu kwamba ni machozi ya furaha. Wageni walikuwa wameshamwaga za kwao chini ya viti. Nilimaliza wa mwisho.